Mawe Meusi ya Callixte

9 Septemba

Leo nimefukuzwa katika shamba langu mwenyewe, eti kwa sababu mimi ni mwanamke na jiwe litakimbia likiniona.

Ngoja nieleze vizuri, maana hasira inatangulia kalamu. Shamba ni lile la mteremko juu ya kijito, hapa Nyamitaba. Mume wangu Nshimiyimana alilirithi kwa baba yake, na mimi nimelilima tangu siku nilipoletwa kwao. Maharage niliyopanda mwishoni mwa Agosti yalikuwa yameanza kuinua shingo. Asubuhi nimepanda mteremko na jembe, nikakuta wanaume wamefungua shimo katikati ya matuta. Udongo mwekundu wameumwaga juu ya miche, na miti ya miyenzi iliyoonyesha mpaka wameing'oa na kuitupa bondeni. Mmoja alinikimbilia amenyoosha mikono yote miwili.

"Mama, simama palepale! Mwanamuke hafikake ku mulango ya shimo. Jiwe itakimbia."

Nikamwuliza jiwe gani. Akanijibu nikamwulize PDG. Wachimbaji humwita hivyo mwenye shimo, yule anayewalisha mpaka mali itoke. PDG wa shimo hili ni Callixte, mdogo wake marehemu mume wangu. Alikuwa amekaa kando, amevaa buti mpya za mpira, na hakuinuka kunisalimu.

"Mama Gaëlle, hii shamba iko ya famille, ya ukoo. Kaka alikufaka, na weye uko na mutoto binti tu. Nilikuambiaka tukae pamoja, ukakatala. Sasa acha batu batumike."

Kukaa pamoja maana yake anirithi pamoja na masufuria. Alinitamkia hayo mwezi wa saba, kilio cha kaka yake hakijaondolewa bado, na mke wake Thacienne akiwa jikoni anawapikia waombolezaji. Nilikataa mbele ya watu. Sasa analipiza kwa jembe. Sawa. Mimi pia mikono ninayo.

12 Septemba

Mvua. Nimewasikia wakipiga nyundo kutwa nzima.

15 Septemba

Tumekaa kikao kwa baba mkubwa Hakorimana, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Kasiksi, pombe ya ndizi, imenywewa, wanaume wamesema sana, mimi nimepewa nafasi ya kusema mwishoni, watu wakiwa tayari wanatafuta kofia zao. Mzee ameamua hivi: Callixte achimbe msimu huu wa mvua. Mali ikitoka na ikauzwa, hata gunia moja, shamba ni la ukoo na Callixte ndiye msimamizi. Isipotoka mpaka mwisho wa Januari, shamba linarudi kwangu mimi, Mukashema, na kwa binti yangu, na hakuna atakayeligusa tena.

"Muko batu ba damu moja," akamaliza. "Musikulane."

Mzee wa watu. Tumeshaanza kulana.

18 Septemba

Callixte amekuja nyumbani, amebisha hodi kwa adabu kama mgeni aliyetumwa na parokia. Nilijua amekuja kutafuta macho yangu. Ukoo mzima hakuna anayejua mawe isipokuwa mimi. Tuliishi Bisie, kule Walikale, miaka ile mlima ulipokuwa bado wa wachimbaji wa mikono. Nshimiyimana alikuwa anashuka shimoni, mimi nikitwanga kasiterite, mawe ya bati, kwenye kinu na kuiosha kijitoni pamoja na wanawake wenzangu. Callixte yeye ni mtu wa ng'ombe. Akiona ng'ombe anajua mama yake, bibi yake na ugonjwa atakaougua mwakani. Akiona jiwe anaona jiwe.

Akafungua leso mezani. Ndani mlikuwa na vijiti vya jiwe jeusi, virefu, vinang'aa, vyenye mistari inayokwenda na urefu wake.

"Ni kasiterite, ao koltani?" akauliza.

Ilikuwa turmalini. Ni jiwe la bure. Hukaa ukingoni, pale mwamba mweupe wenye chembe kubwakubwa unapokutana na jiwe la kijivu la mlima, nalo hung'aa kuliko mali yenyewe. Ukiiosha kwenye karai inaondoka na maji pamoja na mchanga, wakati mali ya kweli inabaki chini. Kila mgeni wa mawe huanza kwa kudanganywa nayo, na sisi kule Bisie tuliwacheka wengi.

Naandika ukweli: nilifungua mdomo nimwambie. Angeacha kuchimba siku hiyohiyo, maana Callixte ni mbahili, na mimi ningepanda tena kabla mvua hazijakolea. Halafu nikatazama chini, nikaona mche wa haragwe umenasa kwenye tope la buti yake. Alikuwa ameingia nao nyumbani kwangu bila hata kujua.

"Iko muzuri," nikasema. "Hii njo mwanzo. Chini itakuwa nzito. Usiache."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono ya moto. Alipotoka nilicheka mpaka Gaëlle, binti yangu, akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

22 Septemba

Bihogo ameuzwa. Ndiye ng'ombe mwekundu aliyekuwa anaongoza wengine kwenda malishoni. Wachimbaji wanakula unga na samaki wakavu, na PDG ndiye chungu chao. Nimemwona Bihogo akipita na kamba shingoni, nikasimama mlangoni nikimkodolea macho mpaka alipopotea kwenye kona.

30 Septemba

Mvua ya mawe. Majani ya maharage yaliyobaki pembeni yametobolewa yote.

6 Oktoba

Callixte ameniomba niwe namwoshea mawe yanayotoka. Eti hana mwingine wa kumwamini. Mlangoni pa shimo langu bado ni mwiko kufika, lakini kijitoni chini naruhusiwa, kwa sababu kuosha ni kazi ya wanawake. Kwa hiyo nakaa chini ya shamba langu, nikiosha shamba langu kwenye karai.

Anayeniletea mizigo ni Jérémie, mkubwa wa wachimbaji, mtu wa upande wa Hombo, naye aliwahi kufanya kazi Bisie. Leo ameweka gunia chini, akaangalia huku na huku.

"Mama, tuseme kweli. Weye na miye tunajua hii iko turmalini."

"Mbona haujamuambia PDG wako?"

"Anatulisha muzuri." Akacheka, kisha akawa makini. "Na tena, Mama, turmalini haitembeake yeye peke. Bazee ba mashimo balisemaka, ukikuta turmalini, tajiri iko nyuma yake, anakuya polepole."

Wachimbaji hawaishiwi na hadithi. Wakikuta maji ni dalili, wakikosa maji ni dalili. Nikamwambia tajiri huyo akifika anipigie hodi. Ila nimefurahi kwamba hatasema. Nilidhani nitahitaji kumhonga.

14 Oktoba

Gitare ameuzwa, yule mweupe. Thacienne amepita hapa bila kunisalimu. Nilimhurumia kidogo, kisha nikapika.

21 Oktoba

Leo nimefanya jambo ambalo hata shetani angeniomba nimfundishe.

Callixte alikuwa ameanza kuchoka. Juzi alisema mbele ya watu kwamba labda ni bora kusimama kabla ng'ombe hawajaisha. Asimame sasa? Amebakiwa na Sine na Gaju na ndama. Mtu mwenye ng'ombe bado ni mtu, anakaa mbele kanisani, anasema kikaoni na watu wanatikisa kichwa. Mimi nataka akae nyuma nilipo mimi.

Akaamua kumwita Polycarpe, mnunuzi wa mawe wa Masisi-centre, aje na mashine yake. Ina umbo la bunduki ndogo. Unaielekeza kwenye unga wa jiwe, inakuambia kuna nini ndani. Nilipopata habari hizo nikajua siwezi kuwaacha mashine na turmalini wakutane peke yao.

Nilikuwa na kasiterite. Nilitoka nayo Bisie nimeifunga kwenye pindo la kitenge, mfuko mdogo lakini mzito kama mtoto aliyelala. Nshimiyimana alisema ni ya Gaëlle, siku atakapotaka kusomea uuguzi. Tangu hapo ilikaa chini ya kitanda. Asubuhi niliitwanga yote, nikaichukua kijitoni. Jérémie alipomwaga gunia lake, nikaosha, turmalini ikaenda zake na maji, na mahali pake nikaweka ya kwangu. Haikuchukua muda wa kusema Salamu Maria.

Polycarpe alikuja na viatu vya mjini vilivyojaa tope, akaelekeza bunduki yake kwenye sahani, akasoma. Akasoma tena.

"PDG, iko na bati mingi sana hapa ndani. Hii ukinijazia gunia, tutazungumuza."

Callixte alipiga magoti kwenye matope. Aliimba. Alimkumbatia Jérémie, ambaye alinitazama mimi juu ya bega lake, macho yamemtoka. Mimi niligeuza kisogo nikaanza kusugua karai. Nilikuwa nimetupa shule ya binti yangu ili adui yangu afurahi jioni moja, na bado niliona ni bei nzuri. Ndivyo nilivyo sasa. Sikuwa hivi.

3 Novemba

Mvua imepiga bila kupumua tangu Ijumaa. Usiku sikulala, alfajiri nikasikia mlima ukikohoa.

Nusu ya chini ya shamba imeondoka. Chini ya udongo wetu mwekundu kuna udongo mweupe, laini kama unga wa muhogo. Zamani ulikuwa mwamba, maji yameuozesha. Ukiuacha na uzito wake juu na mizizi yake ndani, unakaa karne. Ukiukata miguu kama walivyofanya hawa, ukaunywesha mvua, unateleza kama sabuni. Hakuna aliyekufa, wachimbaji walikuwa wamelala kambini. Lakini matuta aliyojenga Nshimiyimana kwa mawe, ambayo nilimbebea mwenyewe nikiwa na mimba ya Gaëlle, yamo kijitoni.

Gaëlle alisimama nami tukitazama. "Mama, kama walisimamaka mwezi uliopita, ingebomokaka?"

Jibu nilikuwa nalo. Kila koleo analochimba Callixte kwa uongo wangu linachimba ardhi yangu. Mla cha mwenzake na chake huliwa, husema watu, lakini hawasemi kwamba mnaweza kula sahani moja mpaka mkavunja sahani.

Mchana Callixte alifika kwangu, analia, akisema Mungu amemwadhibu. Nikamwambia Mungu amemfungulia njia, kwamba sasa mwamba uko wazi na hatahitaji kuchimba sana. Akafuta macho.

10 Novemba

Sine ameuzwa.

21 Novemba

Callixte alipeleka gunia la kwanza, turmalini niliyoosha juujuu tu ili isiondoke na maji, kwa Polycarpe Masisi-centre, amelibeba mwenyewe mgongoni mpaka barabarani. Aliporudi nilimwona kwa mbali nikajua. Watu waliokuwepo wanasimulia kwamba Polycarpe alilipima, akacheka, akalimwaga barabarani mbele ya waendesha pikipiki, akasema, "Rudisha hii kwenu, mukapikie makala." Waendesha pikipiki wamemwita Papa Makala, yaani Baba Makaa, njia nzima.

Amenijia kabla ya kwenda kwake. "Mama Gaëlle, namna gani? Ile ya kwanza mashine iliona."

"Filon imepotea," nikasema, yaani mkondo wa mali ndani ya mwamba. "Inapoteaka. Inaingia ndani, inapinda. Inataka kufuatwa."

Alikuwa amesimama na gunia tupu mkononi. Nilingoja furaha inijie kama ilivyonijia siku ya Bihogo. Ilikuja, ila ilikaa kidogo tu ikaenda.

27 Novemba

Gaju ameuzwa, na ndama wake. Zizi la Callixte ni tupu.

28 Novemba

Thacienne amekuja. Alisimama uani na bakuli tupu chini ya kitenge, hakutaka kulitoa. Nikaona nimpunguzie aibu, nikamwambia akae. Alikataa.

"Mukashema, niko naomba maharage kidogo. Gaju alienda, mutoto wa mwisho haachi kulilia maziwa. Leo asubuhi nilimupa maji ya mutama."

Nilipima maharage, nikajaza bakuli, kisha nikaongeza mpaka yakamwagika. Nilikuwa namtazama usoni. Nilikuwa nimeota siku hii: mke wa Callixte mlangoni kwangu, bakuli mkononi. Katika ndoto alikuwa mnene na mwenye dharau. Aliyesimama mbele yangu amekonda, kitenge chake ni kile alichokuwa amevaa jikoni kwenye kilio chetu.

"Umuambie aache," akasema. "Miye hanisikiake. Weye anakuamini. Anasemaka weye peke njo haukumucheka."

Nikamwambia nitajaribu. Alipoondoka nikakaa jikoni na moto ukazimika bila mimi kuona. Thacienne hakunifanyia kitu chochote kibaya maishani mwangu. Nimeandika sentensi hiyo ili niione kwa macho.

Sikumwambia Callixte aache.

4 Desemba

Jérémie na watu wake wameondoka, chungu kimekauka. Alipita kuniaga kwa heshima.

"Nilikuona siku ya mashine," akasema. "Sikusema. Lakini Mama, ile uko nayo mu roho, tupa. Inakula muntu."

Nikamwambia asafiri salama. Sikuhitaji mahubiri kutoka kwa mtu aliyeshiba ng'ombe wa Callixte.

13 Desemba

Callixte anachimba peke yake. Kutwa nzima: nyundo, kimya, nyundo.

25 Desemba

Noeli. Kanisani alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akanyeshewa. Nilipata nilichoomba. Niliimba bila kusikia sauti yangu.

2 Januari

Nyundo. Kimya. Nyundo. Nimeanza kuihesabu kama pumzi ya mgonjwa. Ikinyamaza kwa muda mrefu, najikuta nimesimama.

9 Januari

Naandika, na mkono bado una masizi.

Nilikuwa uani nasugua sufuria kwa jivu. Callixte akaingia bila hodi. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, kopo la zamani, la wakati walipokuwa na pesa za kununua ya dukani. Midomo imepasuka, buti zimetoboka vidoleni. Akamimina mawe kwenye meza ya nje.

Nilijua kabla sijayagusa. Hayakung'aa. Yalikuwa meusi kama chuma cha zamani, na kingo za mraba, yamekaa ndani ya mwamba mweupe wenye chembe kama sukari. Nikachukua moja na mkono wangu ukashuka wenyewe. Kuna uzito ambao mtu aliyeosha mawe hausahau, jiwe dogo linalovuta kiganja kana kwamba kuna mtu chini analivuta. Niligeuza sahani iliyovunjika, nikalisugua mgongoni mwake. Mstari wa kahawia iliyokolea, karibu mweusi.

Koltani. Safi kuliko yoyote niliyoona Walikale. Jérémie na wazee wake wa mashimo walisema kweli, na mimi niliyecheka ndiye niliyemsukuma Callixte, koleo kwa koleo, mpaka akaufikia mlango wa tajiri. Kama ningemwambia ukweli ile siku ya kwanza, angeacha. Uongo wangu ndio uliomfikisha.

"Iko nzito, Mama Gaëlle," akasema polepole. "Ile ingine haikuwaka nzito vile."

Mwisho wa Januari uko karibu. Gunia moja likiuzwa, shamba ni la ukoo, Callixte msimamizi. Atajenga nyumba ya bati jipya, atanunua ng'ombe wekundu na weupe, atarudi kukaa mbele kanisani. Thacienne atapata maziwa, nililiwaza na hilo, siwezi kusema sikuliwaza. Lakini mimi na Gaëlle tutakaa ukingoni mwa shimo letu, tukiambiwa tusisogee, jiwe litakimbia. Na atasema kwamba Mungu alikuwa upande wake tangu mwanzo.

Nikafunga kiganja changu chenye masizi juu ya jiwe, nikalisugua kwa nguvu. Nikakifungua mbele ya uso wake.

"Unaona? Inachafua mikono. Koltani haichafuake muntu. Hii iko manganeze, Callixte. Iko nzito, iko nyeusi, inafanana mu kila kitu, lakini kwa Polycarpe itakuwa kicheko ya pili."

Alitazama mkono wangu. Akanyoosha kidole kuchukua jiwe, ajaribu mwenyewe. Angejaribu kwa kidole safi, yote yangekwisha. Nikawahi. Nilikusanya mawe yote mezani, nikaenda mpaka ukingo wa ua, pale kijito kilichofura kinapopita kwa kishindo, nikayatupa.

"Kama iko mali, miye naweza tupa mali? Miye mujane?"

Callixte aliruka hatua moja kuelekea majini, akasimama. Alikaa amesimama hivyo, mgongo wake kwangu. Kisha akakaa chini kwenye nyasi na kulia, si kwa sauti, mabega tu.

"Basi imekwisha," akasema.

Nilimletea maji ya kunywa. Aliyanywa yote, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

12 Januari

Nimepanda shimoni. Hakuna wa kunizuia, wenye mwiko wote wamekwenda. Nimeingia nikipapasa mpaka mwisho, alipokuwa anachimba na mshumaa. Ukutani upo, mwamba mweupe kama sukari, na ndani yake mali nyeusi, mapande kwa mapande, ikiingia kilindini. Miguuni pake kuna vipande alivyovibandua bila kuvibeba. Nimeshusha udongo mweupe kwa mikono, nikaukanda na maji, nikapaka ukuta wote kama mtu anayekandika nyumba. Vipande nimevizika sakafuni.

31 Januari

Kikao kwa baba mkubwa Hakorimana. Hakuna gunia lililouzwa, shamba ni langu na la Gaëlle, na mzee amesema hivyo mara mbili ili wenye masikio wasikie. Callixte aliomba kusema. Nilijiandaa kwa ugomvi. Alisimama, kofia mkononi, akaniomba msamaha mbele ya ukoo mzima, kwa shamba na kwa maneno ya mwezi wa saba. Akaahidi atafukia shimo mwenyewe.

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilimpa mkono, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

11 Februari

Callixte anafukia. Kutwa, kila siku, tangu siku ile ya kikao. Thacienne anambebea mawe kwa kitunga, mtoto mgongoni. Nimeanza kuwapelekea chakula cha mchana, siwezi kuwatazama wanafanya kazi shambani kwangu na njaa.

17 Februari

Mvua za mbegu zimefika. Shimo limejaa, tumelisawazisha, matuta mapya yamekatwa. Tulikuwa watatu, mimi na Callixte na Thacienne. Nilikuwa nimefika pale pale juu ya mlango wa zamani wa shimo, nimeinama na jembe, Callixte aliponijia akiwa na kikapu cha mbegu.

"Mama Gaëlle, nikuulize kitu, unijibu mbele ya Mungu. Ile siku ya kwanza, nilikuletea ile jiwe mu leso. Ulijua?"

Nimengoja swali hilo tangu Septemba. Nilikuwa nimeliandalia jibu, nimelipamba, nimelirudia usiku kitandani: ndiyo, nilijua, nilikudanganya mimi, ng'ombe wako mmoja mmoja nimewala mimi, na kule Masisi-centre ulipochekwa mkono uliokusukuma ulikuwa wangu. Kisasi gani hiki, ambacho aliyelipizwa hajui kwamba amelipizwa? Bila jibu hilo, Callixte ni mtu aliyepata bahati mbaya tu. Lilikuwa kinywani, lina ladha.

Lakini nikisema nilidanganya ya kwanza, atauliza na ya mwisho. Na koltani hataifuata mbali. Amesimama juu yake.

"Sikujua," nikasema. "Nilikosea."

Akavuta pumzi ndefu. "Nilijua vile. Bamoja banasemaka umenilipiza. Niliwaambia hapana, Mukashema hawezi. Muntu anaweza kosea." Macho yake yalijaa maji. "Uko na roho muzuri kunishinda. Sitasahau."

Nilitaka kumpiga na mpini wa jembe. Nilitaka pia akae chini, apumzike, maana mikono yake ilikuwa inatoka damu. Sikufanya lolote. Nilichoma shimo dogo kwenye udongo, nikamwonyesha kwa kidole, akadondosha mbegu tatu ndani, nikazifukia kwa mguu na kusonga mbele.